Mwamba Uliopakwa Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Wote wanaisimulia vibaya. Kinyozi, ambaye nyumba yake iko chini kidogo ya yangu, anasema nimeifukuza mashine ya kutoboa ardhi kwa sababu nimezika mtungi wa dhahabu uani. Muuza mkaa anasema niliiona ile keekee, chuma cha kutobolea, nikadhani wamekuja kunitoboa mimi. Mama wa chai pale kona anasema ni ukiwa tu, tangu mke wangu afariki kichwa changu kimelegea skrubu, ati niliipiga mashine kwa fimbo. Uongo mtupu. Niliipiga kwa mwavuli, na aliyeumia ni mwavuli.

Basi naandika mwenyewe, ikae sawa. Kuandika nilijifunza ukubwani, darasa la wazee, kwa hiyo herufi zangu zinatembea kama watu waliotoka harusini. Lakini zinafika nyumbani.

Kisa ni hiki. Safu yetu ya nyumba imekaa mgongoni mwa kilima. Masika ya mwaka jana nyumba ya mwisho kule juu ilikaa chini kama mtu aliyechoka. Ofisi ya mji ikamtuma Mpimaji aje aangalie udongo tunaolalia. Mpimaji ni binti mdogo, miwani, mabuti ya mpira, adabu tele. Hawezi kuchimba kilima kizima, kwa hiyo anatoboa hapa, anatoboa pale, anautoa udongo anaupima, halafu kompyuta yake inakisia palipobaki katikati. Penye ardhi ngumu ramani inapakwa kijani, watu wakae. Penye mfinyanzi mlaini inapakwa nyekundu, watu wahame mvua isije ikawakuta.

Leo zamu ikawa yangu. Mpimaji alikuwa kilima cha pili, kwa hiyo alikuja Msimamizi wa mashine, jitu la shingo nene. Akaniambia, "Mzee, sogea, hapa kuna shimo."

Nikamwambia hapa hakuna shimo, hapa kuna mwamba. Nimechimba visima tangu baba yake hajaota ndevu. Nilipochimba msingi wa nyumba hii, sururu iligonga mwamba ukalia kama kengele ya shule. Nikamwita mke wangu, wakati huo bado mchumba, nikamwambia, sikia, hapa ndipo nitakapokuweka. Mji mzima unaijua hadithi hiyo, na ndiyo maana wananiita Babu Mwamba. Leo mtoto wa watu aje atoboe kuhakikisha? Ni sawa na kumdai mtu cheti cha ndoa akiwa kitandani.

Mashine ikageuka. Mwavuli umevunjika mbavu.


Jumatano, 5 Machi

Jua kali. Nimepika uji wa watu wawili tena. Mkono una mazoea yake.


Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kukaa kwenye benchi la kinyozi. Nimeanza tu, "Mwaka ule nilipochimba kisima cha hospitali," muuza mkaa akakumbuka kwamba ana mkaa. Mwingine akakumbuka mke wake. Kinyozi hakuwa na pa kwenda, kwa sababu benchi ni lake, akabaki akinoa wembe ambao nao ulikuwa mkali tayari.

"Babu," akasema bila kunitazama, "ramani haiwezi kumalizika kwa sababu yako. Watu wanataka kujua kama wahame."

"Waniulize mimi."

"Tumekuuliza miaka yote. Unajibu kabla hatujauliza."

Nikaondoka na heshima yangu. Nyepesi siku hizi, inabebeka kwa mkono mmoja.

Jioni Mpimaji akaja mwenyewe. Hakuja kwangu, alikuja kwa Fundi, jirani yangu wa upande wa juu, mama wa cherehani anayeishi na mama yake mzazi. Bibi hainuki kitandani tangu miguu ilipogoma. Fundi akaniita ng'ambo ya ukuta, "Babu, njoo, kuna mgeni wako, uache mwavuli nyumbani."

Mpimaji akanipa shikamoo, nikamwitikia marahaba. Akatandaza kitambaa cha Fundi mezani, akachomeka pini huku na huku.

"Hizi pini ni mashimo yetu, babu. Udongo una tabia ya majirani. Walio karibu wanafanana, walio mbali hawajuani. Kwanza ninapima huo ufanano unafika wapi. Hapa kwenu unaisha mapema, nyumba moja upande huu, moja upande ule, basi. Kwa hiyo nikikisia pasipo na shimo, la karibu nalisikiliza sana, la mbali nalisikiliza kidogo."

"Kama mimi na kinyozi," nikasema. "Wa karibu, lakini sisikilizwi."

Fundi akacheka, sindano ikiwa mdomoni. Mpimaji akaweka kidole mahali pasipo na pini.

"Hapa ni kwako. Kwa Fundi mashine haipiti, njia nyembamba. Kwa kinyozi haipiti. Shimo la uani kwako ndilo lingesema kwa niaba ya nyumba tatu. Bila hilo nina ramani nyingine, ya mashaka, inaonyesha pale ninapokisia gizani. Doa jeusi kuliko yote ni nyumba yako."

"Nimeitwa mengi," nikamwambia, "doa bado."

"Babu, Bibi analala pale." Akaonyesha chumba cha ndani kwa kidevu.

Nikasema nitafikiri. Sijafikiri. Nimekaa na kuutazama ule upande wa kitanda usiolaliwa. Mke wangu alikuwa akiwaambia wageni, "Mimi mwenzenu nimelazwa juu ya mwamba." Aliwaambia mpaka siku aliyoshindwa kusema. Keekee ikishuka ikasema vingine, marehemu atatetewa na nani?


Ijumaa, 14 Machi

Msimamizi amerudi, safari hii bila mashine. Kachoka, macho mekundu, kilima cha pili kimemtoa jasho. Akaketi kizingitini bila kukaribishwa.

"Mzee, tusipoteze muda. Huo mwamba wako uko kina gani?"

Nikajigusa kifuani. Akanitazama kifua kama fundi wa suruali anayekadiria kitambaa, akaandika.

"Basi nimetoboa," akasema, akainuka.

Nimecheka mpaka nimekohoa. Mtu ametoboa ardhi kwa kalamu. Lakini ukweli ni kwamba amenisikiliza, na ni siku nyingi mtu hajaandika neno langu.


Jumamosi, 22 Machi

Ramani imebandikwa ukutani kwa kinyozi, karibu na picha za mitindo ya nywele. Safu nzima nyekundu kama kidonda. Katikati, kisiwa cha kijani. Kwangu, kwa Fundi, kwa kinyozi. Kompyuta imenisikiliza sana, kama binti alivyosema.

Leo benchi lilijaa. Muuza mkaa alinisogezea nafasi kwa makalio yake mwenyewe. "Babu Mwamba, hebu tueleze ilivyokuwa." Nikawaeleza. Sururu ikagonga, mwamba ukalia, cheche zikaruka zikaunguza nyasi. Cheche zimeingia leo, zilikuwa zinangoja nafasi.

Fundi akaniletea mwavuli, kaushona mbavu zote. "Nilikuwa nimpeleke mama kwa kaka yangu, mbali huko," akasema. "Na wateja wangu wote wako hapa. Sasa tunakaa. Asante, Babu."

Nikasema si kitu. Na kweli haikuwa kitu.


Jumanne, 25 Machi

Nimesimulia tena. Mwamba umekua.


Jumapili, 30 Machi

Binti yangu kapiga simu. Anakaa mbali, ghorofani.

"Baba, uhamie kwangu. Chumba kipo."

"Mimi niko kijani, mama."

"Uko nini?"

Nikamweleza ramani. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, unacheka sana kwenye simu. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Uji wa watu wawili, nimekula wote.


Jumanne, 1 Aprili

Mvua ya kwanza. Haikubisha hodi.


Jumapili, 6 Aprili

Inanyesha tangu Ijumaa. Watu wa nyekundu wanahama. Nimesimama mlangoni na mwavuli wangu wa mbavu mpya nikiwaangalia wakishusha magodoro yamefungwa kwa nailoni, masufuria, mlango wa mtu mmoja aliyeukwanyua aondoke nao. Mama wa chai naye kaondoka. Alisimama akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Wewe una bahati, Babu. Umejengea akili."

Nikasema kila mtu na fungu lake. Nilipokuwa nasema hivyo mdomo wangu ulijisikia mkubwa kuliko uso.

Huko juu sasa madirisha yote ni matupu. Ukikohoa unajisikia mwenyewe mara mbili.


Jumatano, 9 Aprili

Fundi kaniita, si kwa utani. Ukuta wa chumba cha Bibi umepasuka, kutoka dirishani mpaka kwenye mto wa kulalia. Nimeingiza kidole, kimeingia, kimetoka na baridi.

"Lakini tuko kijani," akasema Fundi. Alilisema kama mtoto anayesema lakini niliahidiwa.

"Nyumba inajinyoosha," nikamwambia. "Hata mimi nikiamka mifupa inalia."

Bibi kanitazama kutoka kitandani. Haongei sana siku hizi, lakini akiongea halipotei neno. "Mwamba wenu," akasema, "mbona unatembea?"

Nikacheka. Fundi hakucheka. Alikwenda kuchukua vipande vya vitambaa akaanza kuuziba ule ufa, rangi rangi, kama anaushonea nguo.


Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Mlango wangu wa nyuma hautaki kufunga.


Jumamosi, 12 Aprili

Hauwezi kufunga kabisa sasa. Nimeulazimisha kwa bega, nao ukanilazimisha mimi.

Kinyozi ananiletea watu. Anawaambia, huyu ndiye, mwulizeni. Leo kaja mzee mmoja wa mtaa wa pili, kaloa mpaka soksi, kataka kusikia mwamba ulivyolia. Nikafungua mdomo, na badala ya sururu nikasikia vitambaa vya Fundi. Nikasema koo linaniuma. Hii ni mara ya kwanza maishani mwangu koo kuniuma mbele ya msikilizaji. Kinyozi alinigusa paji la uso.

Baadaye Fundi kaja na swali. Amesimama nje kwenye michirizi ya paa, hataki kuingia asinilowanishie sakafu.

"Babu, siku ile walipotoboa kwako mimi nilikuwa sokoni. Walishuka kina gani baada ya kuupata huo mwamba? Nataka tu nimwambie mama atulie."

Mimi nina majibu. Mtu yeyote atakuambia, majibu ninayo ya akiba, ya mwaka mzima. Nikatafuta moja nikalikosa.

"Walishuka," nikasema.

Akashukuru, akaenda kumtuliza mama yake.

Nimekaa nikijiambia haya. Mimi ni mchimba visima. Nimewahi kuona kisima cha maji matamu na hatua chache pembeni yake kisima cha chumvi, vyote kwa mkono wangu mmoja. Ninajua ardhi inavyoweza kumcheka mtu. Na bado nilichimba msingi mahali pamoja, nikagonga mara moja, nikakitangaza kilima chote ni mwamba. Yule binti mwenye mashimo yote yale anaogopa kusema anajua. Mimi nina pigo moja la sururu na sijawahi kuogopa.

Lakini hilo lilikuwa langu na mke wangu, lilikaa ndani ya nyumba yetu, halikumdhuru mtu. Sasa limeingia kwenye ile kompyuta, likatambaa mpaka chini ya kitanda cha Bibi.

Nikisema, Fundi anapoteza nyumba na wateja. Kinyozi anapoteza benchi. Mimi napoteza nyumba alimofia mke wangu, na kila mtu aliyenisogezea nafasi. Nisiposema, pengine hakuna litakalotokea. Hilo "pengine" ndilo linalonitesa. Lina uzito wa Bibi.


Jumanne, 15 Aprili

Nimekwenda. Mpimaji yuko kwenye ofisi ya mtaa na mabuti yake, anakagua waliohama. Nimemkuta peke yake, anakunywa chai na sahani kaifunika juu ya kikombe kwa sababu paa linavuja.

"Shikamoo, babu. Mwavuli umepona."

"Umepona. Mwanangu, nina jambo. Lile shimo la kwangu."

"Ndiyo?"

"Halipo."

Akaweka kikombe chini.

"Hawakutoboa," nikasema. "Msimamizi wako aliniuliza nikajigusa kifua, akaandika kifua changu. Ule mwamba uliopaka kijani ni wa mdomo."

Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Babu, unajua nilivyofurahi nilipoliona lile shimo? Doa jeusi lilitoka. Nikajua sasa nasimama mahali. Nyumba mbili zile hazina shimo lao, zimepakwa kijani kwa sababu yako tu. Nimemlaza yule bibi juu ya neno lako."

"Najua."

"Nilikueleza na pini."

"Ulinieleza vizuri. Tatizo si maelezo."

"Basi tatizo nini?"

Nikamwambia habari za mke wangu. Sikutia chumvi hata punje. Nadhani ndiyo maana ilikuwa fupi. Kumbe ukiitoa chumvi, ndoa nzima inakwisha chai haijapoa.

Akavaa miwani, akasema, "Na mimi nilipaswa kuja kuliona shimo kwa macho yangu. Huyo Msimamizi nitazungumza naye. Kesho nakuja na mashine. Leo hii Bibi asilale kwenye kile chumba."

"Nani atamwambia Fundi?"

Akaninyooshea mwavuli wangu.

Nikaenda kumwambia Fundi. Alikuwa anashona. Nilipomaliza, mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani, uzi umeshakatika, sindano inapanda na kushuka kwenye kitambaa kitupu.

"Nilikuuliza Jumamosi," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukasema walishuka."

"Nilisema."

"Nimekushonea mwavuli, Babu."

Tulimhamishia Bibi sebuleni, mimi nimeshika upande wa miguu, Fundi kichwani. Hakunitazama hata tulipopita mlangoni, na mlango ule ni mwembamba. Bibi ndiye aliyesema, akiwa hewani katikati yetu, "Njia ya mwongo fupi, lakini huyu kaitembea ndefu."


Jumatano, 16 Aprili

Mvua ilipumzika asubuhi kana kwamba nayo inataka kuona. Mtaa mzima ulikuja. Waliohama walirudi, mama wa chai, muuza mkaa, kinyozi na mteja wake mwenye nusu ya ndevu, watoto juu ya ukuta, watu wamebanana mpaka geti limelala. Nilivaa koti langu la harusi. Msimamizi hakuwepo, alikuja fundi mwingine wa mashine, kijana wa watu mkimya.

Mpimaji akachagua mahali, karibu na ukuta wa chumba cha kulala, pale pale nilipochimba msingi. Keekee ikaanza kushuka. Udongo wa juu ulitoka mwekundu, mkavu, mzuri. Ikashuka, ikashuka, na ilipofika usawa wa kifua changu, ikagonga.

Ikalia. Nasema ikalia, kengele ya shule, ile ile, sauti haijazeeka hata kidogo. Watu wakasema aaah kwa pamoja. Nikavua kofia. Kinyozi akanipiga begani, "Babu, ulitaka kutuhamisha bure." Hata Mpimaji aliinua uso, nikaona kitu kama tumaini kinapita kwenye miwani.

"Endelea," akamwambia fundi wa mashine.

"Mwanangu, umeusikia mwenyewe," nikasema.

"Nimelisikia jiwe, babu. Bado sijausikia mwamba."

Mashine ikatetemeka, ikasaga, moshi, vumbi jeupe. Ikasaga muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Kisha ikaacha kulia. Haikupunguza sauti, iliacha tu, kama mtu aliyekatwa maneno. Na bomba likaanza kuzama lenyewe, bila nguvu, fundi akalizuia kwa mikono yote miwili.

Kilichotoka hakikuwa udongo. Ulikuwa uji. Wa kijivu, unang'aa, unateleza kwenye vidole. Mpimaji akaubonyeza kwa gumba, gumba likapita. Bomba liliendelea kuzama mpaka likaisha.

Akatoboa tena hatua chache pembeni. Pale hapakuwa na jiwe kabisa. Uji tangu kiunoni.

"Ni jiwe moja, babu," akasema taratibu. "Liliporomoka zamani kutoka juu, likaelea humo. Linaweza kuwa na ukubwa wa kitanda."

Wa kitanda. Nimelirudia neno hilo kimoyomoyo siku nzima. Basi mke wangu hakuwadanganya wageni. Alilazwa juu ya jiwe la kumtosha yeye, na mimi pembeni. Wengine wote sikuwa na jiwe la kuwapa.

Watu wakatawanyika. Hakuna aliyenisogezea kitu.


Alhamisi, 17 Aprili

Ramani mpya. Kisiwa kimezama. Fundi amekodi mkokoteni.

Nilikwenda kusaidia kubeba cherehani. Akasema, "Acha, Babu, mgongo wako." Lile "Babu" lilikuwa limepoa, lakini lilikuwepo. Bibi alibebwa kwenye kiti, kama malkia, kafunikwa nailoni. Alipopita kwangu akasema, "Mwamba, hamia na wewe. Usijifanye nanga."

Kinyozi kabandua ramani ya zamani ukutani akaikunja vizuri. Nikamwuliza ya nini. "Hii ndiyo nzuri," akasema.


Jumapili, 20 Aprili

Sasa ni mimi tu. Safu nzima, mlango wangu ndio pekee wenye moshi. Nilipiga mluzi, mluzi ukaenda mpaka mwisho ukarudi, haukumkuta mtu.


Jumatatu, 28 Aprili

Kwa binti yangu, ghorofa ya tatu. Chumba kizuri. Mchimba visima ghorofa ya tatu ni kama samaki kabatini, amehifadhiwa vizuri lakini ana maswali. Chini ya sakafu yangu kuna watu, chini yao kuna watu wengine, na hakuna anayejua wote wamesimama juu ya nini. Nimemwuliza mlinzi wa geti. Akadhani namtania.

Wajukuu wanatoka alfajiri, wanarudi wamechoka. Nilianza hadithi ya kisima cha hospitali, mdogo akaniambia, "Babu, fupisha, nina mtihani."


Ijumaa, 2 Mei

Mvua.


Jumapili, 11 Mei

Mpimaji kapiga simu. Amepita kwenye safu. Nyumba zimesimama bado, lakini njia kati yangu na Fundi imeshuka kina cha ngazi moja, na ukuta wa chumba cha Bibi umeinama ndani, umelala juu ya kitanda kilichoachwa. Haujaanguka. Umeinama tu, kama mtu anayesikiliza.

"Ulifanya vizuri kuja, babu."

"Nilichelewa."

"Ulichelewa," akasema. Nampenda yule binti. Hakisii pale anapojua.


Jumamosi, 24 Mei

Jua. Masika yamekwisha.

Fundi amepiga simu, mara ya kwanza tangu mkokoteni. Amepata kijichumba sokoni, wateja wachache wamemfuata. Bibi hajambo. Tukazungumza habari za nyuzi, bei ya chaki, mguu wa Bibi. Kisha akasema, "Babu, umesikia anavyosimulia kinyozi?"

"Sijasikia."

"Anasema mwamba ulikuwepo kweli, tena mkubwa, umeshikilia kilima kizima kama kizibo. Mashine ndiyo iliyoutoboa, maji yakaingia, udongo ukalainika. Anasema kosa lako ni kuwaruhusu."

Nilicheka mpaka binti yangu akachungulia mlangoni. Fundi naye akacheka, kidogo, halafu akasita.

"Na wewe huko unawasimuliaje?"

"Huku simsimulii mtu. Huku wana mitihani."

Nikasikia cherehani yake ikianza, ikasimama.

"Basi nisimulie mimi," akasema. "Siku ile ya mashine. Nilikuwa ndani nimefunga mlango, sikutaka kukuona."

Nikamsimulia. Nikamwambia mtaa ulivyojaa, watoto juu ya ukuta, kinyozi alivyonipiga begani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata, na nilipomaliza akauliza taratibu tu, "Babu, mbona mimi sikusikia watu?"

Haya. Hilo la watu nililitia mwenyewe, hata humu daftarini. Getini hapakuwa na mtu. Waliohama hawakurudi, muuza mkaa alikuwa kwenye mkaa wake, kinyozi alifunga duka asinione. Tulikuwa mimi na koti langu, na Mpimaji, na kijana wa mashine aliyeziba masikio kwa pamba. Mengine yote ni kama yalivyokuwa. Jiwe lililia, na lilipolia niligeuka nyuma, kama siku ile ya sururu, kumwambia mtu, "Umesikia?"